Kutafuta x bila kuvusha kitu: mwongozo kamili wa milinganyo ya aljebra

Jumanne na Alhamisi jioni, meza yangu ya chakula hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, hugeuka darasa. Watoto wa ploti yetu na wa ploti jirani huja na madaftari yao, nami naondoa sufuria na chupa ya chai, tunaanza. Juzi msichana wa Gredi ya 7 alinifungulia ukurasa uliojaa wino mwekundu. Swali la kwanza lilikuwa hivi:

3x = 12
x = 12 − 3
x = 9

Nikamwuliza ile 3 imefikaje upande wa pili. Akanijibu bila kusita: "Imevuka, mwalimu. Ikivuka inabadilisha ishara."

Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilikaririshwa maneno hayo darasa la saba: ukivuka mto, badilisha shati. Nikavusha nambari kwa miaka miwili mizima, nusu ya maswali nikipata, nusu nikikosa, na sikujua kwa nini nimepata wala kwa nini nimekosa. Siku niliyoelewa kwamba hakuna kitu kinachovuka, hesabu zilianza kutulia.

Basi katika mwongozo huu hatutavusha chochote. Tutafanya jambo moja tu, tena na tena, kuanzia mlinganyo wa mstari mmoja hadi ule wenye mabano na sehemu. Chukua daftari na kalamu. Aljebra haisomwi kwa macho peke yake.

Mizani kwanza, herufi baadaye

Kama umewahi kununua maharagwe kwa mwuzaji mwenye mizani ya sahani mbili, nusu ya somo unalo tayari. Sahani moja huwekwa mawe ya mizani, nyingine huwekwa mzigo. Mkono wa mizani ukilala sawasawa, pande mbili zina uzito mmoja.

Alama ya = ndiyo mkono huo. Inasema kilicho kushoto na kilicho kulia ni kiasi kimoja, hata kama vimeandikwa tofauti. Watoto wengi hawaioni hivyo. Wamezoea kikokotoo cha simu, ambapo kubonyeza = ni kama kusema "lete jibu". Kwa hiyo wakiona 15 = 3x wanashtuka, eti jibu limekaa upande usio wake. Halijakosea njia. Mizani haijali sahani ipi ina mawe. Aliyeanza kuitumia alama hiyo, Robert Recorde wa Wales, mwaka 1557, alichora mistari miwili sambamba akieleza kwamba hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko hivyo.

Sasa weka picha hii akilini. Sahani ya kushoto ina mifuko mitatu ya maharagwe yenye uzito sawa, pamoja na jiwe la kilo 2. Sahani ya kulia ina mawe manne: mawili ya kilo 5 na mawili ya kilo 2. Mkono umelala sawa. Mfuko mmoja una kilo ngapi?

Uzito wa mfuko hatuujui, kwa hiyo tunaupa jina, x. Mifuko mitatu ni 3x, maana katika aljebra nambari ikikaa ubavuni mwa herufi bila alama yoyote kati yake, zimezidishwa. Mawe ya kulia yakijumlishwa ni kilo 14. Mlinganyo wetu ni:

3x + 2 = 14

Ondoa lile jiwe la kilo 2 upande wa kushoto. Sahani ya kushoto inapanda, mizani imeharibika. Ili itulie, ondoa jiwe la kilo 2 upande wa kulia pia. Kushoto imebaki mifuko mitatu, kulia kilo 12:

3x = 12

Mifuko mitatu inalingana na kilo 12, basi mfuko mmoja ni theluthi yake. Gawa kushoto kwa 3, gawa kulia kwa 3:

x = 4

Ile 2 haikuvuka kwenda popote. Iliondolewa pande zote mbili. Ile 3 nayo haikuvuka, pande zote ziligawanywa kwa 3. Ukimwambia mtoto kwamba kitu kikivuka kinabadilisha ishara, kwa 2 atafaulu kwa bahati, kisha kwa 3 ataandika 12 − 3 kama yule msichana, au x = −4 kama nilivyokuwa nikiandika mimi.

Namna ya kuandika kazi yako

Kila mlinganyo andika mstari wake, alama za = zikipangana moja chini ya nyingine. Ubavuni, upande wa kulia wa ukurasa, andika kwa maneno ulichofanya pande zote mbili:

3x + 2 = 14
3x = 12 (toa 2 pande zote)
x = 4 (gawa pande zote kwa 3)

Wanafunzi wangu hulalamika kwamba ni kazi ya bure. Nawalazimisha kwa mwezi mmoja, halafu nawaachia. Ukikosea, maneno hayo yatakuonyesha mahali hasa ulipoteleza, na mtihanini mwalimu anayesahihisha huweza kukupa alama za njia hata jibu likiwa baya.

Kisha kagua. Rudisha jibu kwenye mstari wa kwanza kabisa, si wa mwisho, kwa sababu kosa lililotokea katikati limeshaambukiza mistari yote ya chini. Hapa: 3 × 4 + 2 = 14. Kushoto 14, kulia 14. Swali hili umelipata, na hukuhitaji kumwuliza mtu. Sijui somo jingine linalomruhusu mtoto kujisahihisha kwa uhakika kama hili.

Nini kiondolewe kwanza?

Kuna hatua nne za kufungua, na kila moja ni kinyume cha nyingine. Kilichojumlishwa hutolewa, kilichotolewa hujumlishwa, kilichozidishwa hugawanywa, kilichogawanywa huzidishwa. Umempa mama mboga noti ya 200 akakurudishia 65, nyanya zilikuwa za bei gani? x + 65 = 200, toa 65 pande zote, x = 135. Chapati 4 zimegharimu 100, moja ni bei gani? 4x = 100, gawa kwa 4, x = 25. Kwa hizi huna haja ya kalamu, nazitaja tu uone sura zake.

Ugumu huanza pale x inapokuwa imefanyiwa mambo mawili au zaidi. Tazama hii:

x/5 − 3 = 4

Jiulize, x imepitia nini hadi ikawa upande wa kushoto? Kwanza imegawanywa kwa 5, halafu ikatolewa 3. Tunaifungua kinyumenyume: la mwisho kufanywa ndilo la kwanza kuondolewa. Ni kama matatu ya abiria 14. Aliyeingia mwisho amekaa mlangoni, na huyo ndiye anayeshuka kwanza. Wa kiti cha nyuma akitaka kushuka kabla yake, itabidi apite juu ya magoti ya watu.

x/5 = 7 (jumlisha 3 pande zote)
x = 35 (zidisha pande zote kwa 5)

Kagua: 35/5 − 3 = 7 − 3 = 4. Sawa.

Ungeanza kwa kuzidisha kwa 5, je? Inawezekana, lakini lazima uzidishe kila kipande, hata ile 3: x − 15 = 20, na x inatoka 35 vilevile. Anayesahau kuzidisha 3 hupata x − 3 = 20 na jibu la 23. Hayo ndiyo magoti yenyewe.

Majirani zetu Watanzania, ambao shule zao za msingi za umma hufundisha hisabati kwa Kiswahili, wana neno zuri la kukumbuka utaratibu wa kukokotoa: MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kwa kutafuta x, lisome kutoka nyuma kwenda mbele. Ondoa kwanza yaliyojumlishwa na kutolewa, kisha yaliyozidishwa na kugawanywa, mabano yawe ya mwisho. Mabano tutayarudia, maana mara nyingi ni rahisi zaidi kuyafungua mapema.

Alama ya kutoa iliyo mbele ya x

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wengi huanguka.

20 − 3x = 5

Mtoto huona 20, anaitoa pande zote, na hapo hakuna kosa. Kisha anaandika 3x = −15, x = −5. Ile alama ya kutoa iliyokuwa mbele ya 3x imepotea njiani. Alama iliyo mbele ya kipande ni mali ya kipande hicho na huenda nacho. Ukitoa 20 kushoto kinabaki −3x:

−3x = −15
x = 5 (gawa pande zote kwa −3)

Hasi kugawanya hasi ni chanya. Kagua: 20 − 15 = 5. Sawa.

Hiyo ni njia halali, ila mimi siipendi. Hasi mbili katika mstari mmoja ni mtego hata kwa mtu mzima aliyechoka. Napendelea kuondoa ubaya kwanza. Kushoto 3x imepunguzwa, basi irudishie: jumlisha 3x pande zote.

20 = 5 + 3x
15 = 3x (toa 5 pande zote)
5 = x

Na 5 = x ni x = 5, kama vile "Achieng ni dada ya Njeri" na "Njeri ni dada ya Achieng".

Ya kwanza kati ya hatua hizo mbili ndiyo iliyolipa somo hili jina. Mwanahisabati al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad karibu mwaka 820, alitatua milinganyo kwa kitendo cha al-jabr, kurudishia kilichopungua, kisha kwa al-muqabala, kuvikutanisha vya pande mbili ili vinavyofanana vifutane. Al-jabr ndiyo aljebra. Mwunga mifupa naye huitwa kwa Kiarabu kwa neno la mzizi uo huo, kwani naye hurudisha kilichovunjika mahali pake. Al-muqabala unaijua pia, ukimwelekeza mtu kwamba duka liko mkabala na stendi. Pande mbili zinatazamana. Yeye hakuwa na x wala alama ya =. Aliandika yote kwa maneno, na kisichojulikana akakiita kitu tu. Desturi ya kutumia x, y na z kwa visivyojulikana tumeipata kwa Mfaransa Descartes, mwaka 1637.

x ikiwa pande zote mbili

Tuseme bodaboda wawili stejini wana bei tofauti. Wa kwanza anadai shilingi 50 za kuanzia na 30 kwa kila kilomita. Wa pili anadai 90 za kuanzia na 20 kwa kila kilomita. Ni safari ya kilomita ngapi ambayo wote wawili watakulipisha sawa?

50 + 30x = 90 + 20x

Kanuni yangu: ondoa x chache, acha nyingi. Kwa njia hiyo x zinazobaki ni chanya na unakwepa ule mtego wa hasi.

50 + 10x = 90 (toa 20x pande zote)
10x = 40 (toa 50 pande zote)
x = 4

Kagua pande zote mbili, kila moja peke yake: 50 + 120 = 170, na 90 + 80 = 170. Kwa safari fupi kuliko kilomita 4 mpande wa kwanza, kwa ndefu zaidi mpande wa pili.

Ukikuta upande mmoja una vitu vya aina moja vilivyotawanyika, vikusanye kabla ya kugusa upande wa pili. 5x + 7 − 2x + 1 = 20 ni 3x + 8 = 20, na x ni 4. Maembe na maembe, machungwa na machungwa. 3x na 8 hazijumlishwi kuwa 11x. Nimeyaona hayo kwenye madaftari zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu.

Mabano

Nambari iliyo nje ya mabano huzidisha kila kilichomo ndani. Kama nimewaalika watu watatu na kila mmoja apewe chai moja na mandazi mawili, 3(chai + mandazi 2), siwezi kutoa chai tatu na mandazi mawili tu. Ndani ya sebule yangu zingepigwa kelele.

Mfano huu una kila mtego ninaoujua:

5(x − 2) − 2(x − 7) = 19

Fungua mabano ya kwanza: 5x − 10. Ya pili yanazidishwa na −2, si 2. −2 mara x ni −2x, na −2 mara −7 ni +14. Andika polepole:

5x − 10 − 2x + 14 = 19
3x + 4 = 19 (kusanya vya aina moja)
3x = 15
x = 5

Kagua: 5(5 − 2) − 2(5 − 7) = 5 × 3 − 2 × (−2) = 15 + 4 = 19. Sawa.

Aliyeandika −14 atapata 3x − 24 = 19, kisha 3x = 43, na x itakuwa kichekesho cha 14 na theluthi. Jibu baya la sehemu si uthibitisho wa kosa, ila katika maswali ya shule ni kengele ya kukurudisha juu ukague.

Alama ya kutoa peke yake mbele ya mabano, kama −(x − 6), ni −1 inayozidisha. Inakuwa −x + 6.

Sehemu: zimalize mapema

Watu wazima huniambia walichukia hesabu kwa sababu ya sehemu. Habari njema ni kwamba katika mlinganyo unaweza kuzifukuza zote kwa pigo moja. Tafuta kigawe kidogo cha shirika cha nambari zote za chini, yaani nambari ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote bila baki, kisha zidisha kila kipande cha pande zote mbili kwa hicho.

(x + 2)/3 − (x − 1)/4 = 2

Nambari za chini ni 3 na 4, kigawe chao kidogo cha shirika ni 12. Zidisha vipande vyote vitatu, hata ile 2 ya kulia ambayo haina sehemu:

4(x + 2) − 3(x − 1) = 24

Mabano hayo nimeyaweka kwa makusudi. Mstari wa sehemu unafanya kazi ya mabano, kwa hiyo ukiuondoa lazima mabano yachukue nafasi yake. Ukiandika 4x + 2 umemnyang'anya mgeni mandazi.

4x + 8 − 3x + 3 = 24
x + 11 = 24
x = 13

Kagua: 15/3 − 12/4 = 5 − 3 = 2. Sawa.

Kuhusu kuzidisha kwa msalaba, yaani cha juu cha upande mmoja mara cha chini cha upande wa pili: ni njia ya mkato ya jambo hili hili, na hufanya kazi tu kila upande ukiwa na sehemu moja, basi. Kwa mfano x/6 = 5/2 inakuwa 2x = 30, x = 15. Kwa mlinganyo wa hapo juu wenye sehemu mbili upande mmoja, msalaba haupo. Wanafunzi wanaouchora kila wanapoona sehemu mbili huwa nawanyang'anya kalamu kwa dakika moja.

Ikiwa x iko chini ya mstari, ipandishe kwa kuzidisha pande zote kwa x. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480. Ili ufike kwa saa 6, mwendo wa wastani uwe kiasi gani?

480/x = 6
480 = 6x
80 = x

Kilomita 80 kwa saa, bila kusimama popote. Kumbuka tu kwamba x iliyo chini haiwezi kuwa sifuri.

Maswali ya maneno

Shuleni hapa Nairobi hisabati huja kwa Kiingereza, na mtoto ana kazi mbili, kuelewa lugha na kuelewa hesabu. Ushauri wangu ni kulisimulia swali upya kwa Kiswahili, hata kwa Sheng, kabla ya kuandika herufi yoyote. Akishindwa kulisimulia, tatizo bado si aljebra.

Siku moja niliwamwagia mezani sarafu za mkebe wangu wa kuwekea akiba, shilingi 10 na shilingi 20 tupu. Niliwaambia: sarafu ni 30, jumla ya fedha ni shilingi 430. Za kumi ni ngapi? Kabla hawajaanza kuhesabu moja moja nilizifunika na gazeti.

Hatua ya kwanza, andika x ni nini, kwa sentensi kamili. "x ni idadi ya sarafu za shilingi 10." Si "x ni kumi", wala "x ni sarafu". Mtoto asiyeandika sentensi hii hufika mwisho akiwa na nambari asiyojua ni ya nini.

Hatua ya pili, eleza kila kingine kwa kutumia x. Sarafu zote ni 30, basi za shilingi 20 ni 30 − x. Thamani ya za kumi ni 10x, ya za ishirini ni 20(30 − x).

Hatua ya tatu, tafuta neno linalosema "ni sawa na". Hapa ni jumla ya 430.

10x + 20(30 − x) = 430
10x + 600 − 20x = 430
600 − 10x = 430
600 = 430 + 10x (rudishia 10x pande zote)
170 = 10x
17 = x

Za kumi 17, za ishirini 13. Kagua kwa fedha, si kwa mlinganyo, maana mlinganyo wenyewe huenda uliuandika vibaya: 170 + 260 = 430, na 17 + 13 = 30. Nilipoondoa gazeti wakahesabu zote, na ilibidi nizidai tena kabla hawajaondoka.

Jihadhari na maneno ya kutoa. "Toa 7 kutoka kwa nambari fulani" ni x − 7. "Toa nambari fulani kutoka kwa 7" ni 7 − x. "Pungufu ya 20 kwa x" ni 20 − x. Ukiwa na shaka, weka nambari unayoijua mahali pa x usikilize kama inaleta maana.

Mambo mawili ya ajabu

Mara chache x zote zitafutika. 2x + 3 = 2x + 7 ukitoa 2x pande zote unabaki na 3 = 7, ambayo ni uongo. Hakuna nambari inayoutimiza mlinganyo huo. Lakini 2(x + 3) = 2x + 6 unabaki na 6 = 6, ukweli mtupu, na kila nambari inaufaa. Hukukosea. Andika ulichokipata.

Kanuni zenye herufi nyingi

Jirani yangu alinunua kipimajoto kinachosoma kwa Farenhaiti. Mtoto alikuwa na homa, kinasema 101.3, na hajui kama aende hospitali. Kanuni ni F = 9C/5 + 32, nasi tunataka C. Herufi nyingi zisikutishe, ni kufungua kulekule:

F − 32 = 9C/5 (toa 32)
5(F − 32) = 9C (zidisha kwa 5)
5(F − 32)/9 = C (gawa kwa 9)

101.3 toa 32 ni 69.3. Mara 5 ni 346.5. Gawa kwa 9, nyuzi 38.5 za Selsiasi. Homa ya kweli. Walienda.

Jaribu mwenyewe

Fanya yote kabla ya kutazama majibu, na kila moja ulikague.

1. 5x − 8 = 27
2. 11 − 2x = 3
3. 6x + 1 = 2x + 29
4. 4(x − 3) − (x − 6) = 12
5. (x + 1)/2 − (x − 3)/5 = 5
6. 90/x = 15
7. Ndugu watatu wanalipa kodi ya shilingi 15,000. Wa pili hutoa 1,000 zaidi ya wa kwanza, wa tatu hutoa mara mbili ya wa kwanza. Kila mmoja hutoa ngapi?
8. Mwanafunzi ameandika hivi. Amekosea wapi?

2(x + 5) = 3x − 1
2x + 5 = 3x − 1
6 = x

Majibu: 1) 7. 2) 4. 3) 7. 4) 6. 5) 13. 6) 6. 7) 3,500, 4,500 na 7,000. 8) Mstari wa pili: 2 haikuzidisha 5. Inafaa kuwa 2x + 10 = 3x − 1, na x ni 11. Angerudisha 6 kwenye mstari wa kwanza angeona 22 kushoto na 17 kulia, akajua kabla mimi sijashika kalamu nyekundu.